Andika Kwamba Hukuwa na Kazi

Leo naomba tukae pamoja kwenye swali moja tu la fomu. Fomu za kuomba kuhamia nchi za nje ni ndefu, zina kurasa na viambatanisho, lakini liko swali moja ambalo nimewaona watu wazima wakilifikia na kuweka kalamu chini. Ni lile linalouliza hivi: katika miaka kumi iliyopita ulikuwa ukifanya nini, mwezi kwa mwezi, bila kuruka hata mmoja?

Aliyekuwa kazini miaka yote hiyo hulijaza akapita. Aliyekosa kazi hukwama. Huhisi kama mbele yake yuko mtu anayemkagua toka utosini hadi kwenye ndara, akimngoja ajieleze. Na kwa kuwa kukosa kazi kwetu kumefanywa aibu ya kufichwa hata kwa jirani, mkono huanza kutafuta uongo mdogo wa kuziba pengo.

Nitawachorea mtu. Jina simpi, kwa sababu si mtu mmoja. Ni wengi wa pwani yetu hii niliowasikiliza, nikawaunganisha wakawa mtu mmoja. Ni dada wa miaka 38. Alifanya kazi mapokezi katika hoteli ya ufukweni kwa miaka tisa. Wageni wengi walikuwa Wajerumani, na Kijerumani alikiokota pale pale kaunteni, neno kwa neno, hadi ikawa wazee wanaorudi kila mwaka wanamwuliza yeye kwanza. Kisha ikaja korona. Machi 25, 2020, Kenya ikasimamisha ndege za abiria kutoka nje. Ndege zilirudi Agosti Mosi mwaka ule ule, lakini si kila hoteli iliyofunga milango iliifungua tena. Ya kwake haikufunguliwa.

Akarudi kwao Likoni. Mwaka uliofuata mama yake akapigwa na kiharusi, na kwa miaka mitatu huyu dada ndiye aliyemgeuza kitandani, akamwogesha, akamlisha, akampima presha, akamnyoosha viungo kama alivyoelekezwa na wahudumu wa zahanati. Alfajiri alikaanga mahamri na kupika mbaazi, akauza mlangoni ili dawa zinunuliwe. Mama amekwenda zake, Mungu amrehemu. Sasa binti anataka kusafiri, na anataka kuwa muuguzi.

Akaenda saiba kujaziwa fomu. Kijana wa saiba akaliangalia lile pengo la miaka akamwambia: dada, hili litakuponza, hebu tuandike ulikuwa meneja kwenye duka la mjomba wako, muhuri ninao. Hakuwa na nia mbaya. Alisema wanalosema wengi. Ninalotaka kusema leo ni kwamba ushauri ule ni sumu.

Tuanze na sheria yenyewe, maana hofu nyingi hutokana na kutoijua. Kanada ilianzisha mwaka 2015 utaratibu unaoitwa Express Entry. Katika mlango wake wa wafanyakazi wenye ujuzi, hulazimiki kuwa kazini leo. Kinachotakiwa ni uwe umefanya kazi ya ujuzi angalau mwaka mmoja mfululizo, sawa na saa 1,560, ndani ya miaka kumi iliyopita. Msikilizaji, miaka kumi. Aliyepoteza kazi Machi 2020, siku zake za kazi bado zinahesabika, ingawa kila mwezi unaopita unakata kipande kutoka nyuma. Na pale penye pengo, fomu ya historia binafsi inataka uandike tarehe na useme kwamba hukuwa na kazi. Hilo ni jibu halali. Fomu inalitambua kama inavyotambua masomo au ajira. Kisichokubalika ni mwezi ulioachwa wazi, na kibaya kuliko hicho ni mwezi uliojazwa uongo. Ukibainika umedanganya au umeficha jambo la maana, Kanada hukufungia mlango kwa miaka mitano. Pengo la kweli halimfungii mtu mlango. Barua moja ya duka la mjomba inaweza.

Na uongo ule hausimami peke yake. Ukisema ulikuwa meneja, utaulizwa mshahara, saa za kazi, majukumu, hati za malipo, michango ya NSSF. Utaongeza muhuri juu ya muhuri. Na yule mjomba atapigiwa simu siku ambayo amesahau kabisa alikubali nini.

Lakini nisiwadanganye na mimi. Kusema ukweli hakutoshi. Liko jambo jingine linalowaumiza watu wa namna hii, nalo ni zito kuliko pengo. Ni kule kubadili kazi. Mtu akishapoteza kazi ya kwanza hukimbilia kozi. Wiki sita za utunzaji wa wazee, miezi mitatu ya kompyuta, cheti kinatoka, picha inapigwa, na moyo unaamini kwamba sasa mimi ni mtu mpya. Wale wanaopima maombi hawaoni hivyo. Wao wanapima ulichokwisha kufanya. Cheti kipya kisicho na kazi nyuma yake hakiwezi kubeba ombi la mtu anayekwenda kama fundi, wakati miaka tisa ya kazi ya zamani pengine ingeweza.

Nasema pengine, na hapa naomba usikivu wako. Kanada hupanga kazi zote kwa daraja, kuanzia 0 hadi 5, na katika mlango huu zinazohesabiwa ni 0 mpaka 3. Tuingie hotelini tuone. Meneja yuko daraja la 0. Mpishi mkuu yuko la 2. Mpishi wa kawaida yuko la 3, naye anaingia. Msimamizi mkuu wa usafi wa vyumba yuko la 2. Karani wa mapokezi, yule anayekupokea kwa tabasamu saa tisa usiku, anayesuluhisha ugomvi wa chumba kwa lugha tatu, yuko daraja la 4. Anabaki nje. Miaka yake tisa, kwa hesabu ile, ni kana kwamba haikuwapo.

Mimi naona si haki, na nalisema waziwazi. Ila kuijua hesabu mapema ni afadhali kuliko kuijua baada ya kulipa ada. Tena hesabu hiyo ina tundu la halali. Kazi hupimwa kwa majukumu, si kwa jina lililoandikwa kwenye beji. Kama yule dada katika miaka yake miwili ya mwisho alikuwa mkuu wa zamu, akipanga ratiba za makarani wenzake, akiwafundisha wapya, akifunga hesabu za siku, basi kazi yake ilikuwa ya usimamizi, na wasimamizi wa huduma za malazi wako daraja la 2. Hapo miaka miwili inafufuka. Lakini lazima iwe kweli, na lazima ithibitike.

Kuthibitisha! Hoteli imefungwa. Afisa wa wafanyakazi yuko Doha. Lango limeota majani. Nani atakuandikia barua ya kutaja cheo, tarehe, saa za wiki, mshahara na majukumu? Hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa kabla ya wakati. Barua ikikosekana kwa sababu ya kweli, unaandika maelezo ya kwa nini imekosekana, kisha unaleta vinavyoweza kusimama badala yake: mkataba wa kazi, hati za mshahara, taarifa ya michango yako ya NSSF inayoonyesha mwajiri na miezi, fomu za P9 za kodi, barua ya kupandishwa cheo, hata zile ratiba za zamu zenye sahihi yako. Aliyekuwa bosi wako akipatikana, popote alipo, anaweza kuapa mbele ya wakili kwamba alikusimamia na ulifanya haya na haya. Haina uhakika wa asilimia mia, lakini ni njia iliyonyooka. Kwa hiyo lile sanduku la viatu chini ya kitanda, lenye karatasi za kazi ya zamani ulizotaka kuzichoma siku ile ya hasira, lichunge kuliko paspoti. Paspoti inatolewa nyingine.

Umri nao unakula. Katika alama za kushindania nafasi huko Kanada, mwombaji asiye na mwenzi mwenye miaka 29 hupata 110 za umri. Akifika 39 zimebaki 55, nusu kamili. Akifika 45 hana hata moja. Matokeo ya mtihani wa lugha hudumu miaka miwili tu. Ndiyo maana nawaambia wasio na kazi wasiufanye mtihani mapema kwa papara, kabla vyeti na fedha havijakaribia kuwa tayari, kwa kuwa matokeo yatachakaa kabatini na pesa ya kuurudia haipo.

Na pesa, jamani. Ukipitia mlango ule bila ajira inayokungoja, lazima uonyeshe fedha za kuanzia maisha: mwaka 2025 mtu mmoja alitakiwa kuwa na dola 15,263 za Kanada. Benki inaandika barua inayotaja salio la sasa, wastani wa salio kwa miezi sita, na madeni yako. Umesikia hilo la mwisho? Madeni. Kwa hiyo ule ujanja wa kuchukua mkopo wa Sacco, ukaulaza kwenye akaunti wiki mbili, ukapiga chapa na kuurudisha, unajianika wenyewe kwenye barua. Fedha za kukopa hazikubaliwi. Zawadi ni jambo tofauti: harambee ya ukoo, mchango wa kaka, ng'ombe wa baba waliouzwa, hizo ni mali yako zikishatolewa, na aliyetoa aandike barua aseme ametoa na hadai. Ninyi wa ukoo mnaochanga, tafadhali semeni tangu mwanzo ni zawadi au ni deni. Nimeona ndugu wakikosana kwa jambo hili zaidi ya jambo lolote jingine la safari.

Basi yule dada wa mapokezi, tuseme mlango wa Kanada kwake ni mwembamba. Ageukie wapi? Kijerumani anacho.

Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mkataba wa uhamiaji mjini Berlin, na siku zile zile ukazuka uvumi kwamba Ujerumani imetoa nafasi robo milioni kwa Wakenya. Serikali ya Ujerumani ikakanusha: mkataba ule hauna idadi yoyote. Nalirudia kwa sababu bado wapo mawakala wanaouza ile robo milioni kwa awamu. Mkataba ulifungua njia. Kila mmoja bado anaingia kwa vigezo vyake mwenyewe.

Njia ya kwanza inaitwa Chancenkarte, tuite Kadi ya Fursa, iliyoanza Juni Mosi, 2024. Hii kwa hakika imeundwa kwa ajili ya asiye na kazi: inakupa hadi mwaka mmoja uingie Ujerumani utafute kazi, na wakati unatafuta unaruhusiwa kibarua cha saa 20 kwa wiki. Unatakiwa uwe na shahada, au mafunzo ya kazi ya angalau miaka miwili yanayotambuliwa na serikali ya nchi yako, na lugha ya kuanzia: Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2. Halafu alama sita. Tumhesabie dada yetu, tukichukulia kwamba alisomea kazi yake ya hoteli miaka miwili chuoni. Kijerumani chake akikipandisha hadi B2 na kukifanyia mtihani, alama 3. Kiingereza cha C1, alama 1. Umri, kwa kuwa amepita 35 na hajapita 40, alama 1. Jumla 5. Na miaka tisa ya kazi? Wajerumani wanatoa alama 3 kwa miaka mitano ya kazi ndani ya saba iliyopita, au alama 2 kwa miaka miwili ndani ya mitano. Kwa aliyekosa kazi tangu 2020, madirisha yote mawili yamemfungia. Amebaki na tano, na alihitaji sita.

Nimeipiga hesabu hii hewani makusudi. Angekuwa na miaka 34 angepata alama 2 za umri akafuzu. Kwa hiyo wewe msikilizaji wa miaka 33 uliyekaa nyumbani ukisema nitashughulikia mwakani, mwakani ina bei. Na usisahau fedha: mwaka 2025 Kadi hii ilitaka uonyeshe euro 1,091 kwa kila mwezi wa kukaa, kwa kawaida katika akaunti maalum inayokufungulia kidogo kidogo.

Njia ya pili ndiyo naiona yake. Wenyewe wanaiita Ausbildung. Kiswahili chetu kina neno zuri kwa hilo, uanagenzi. Mwanagenzi hasemi yeye ni fundi; anasema nimekuja kujifunza, na mwenye karakana anamlipa kidogo huku akimfundisha. Uuguzi Ujerumani hufundishwa hivyo kwa miaka mitatu, darasani na wodini kwa zamu, na tangu 2020 mafunzo ya wauguzi wa hospitali, wa watoto na wa wazee yameunganishwa kuwa kitu kimoja. Mwanagenzi hupata posho ya mwezi, kwa kawaida zaidi ya euro 1,000 kabla ya makato, na posho hiyo huhesabiwa kwenye fedha anazotakiwa kuonyesha. Wanachotaka ni cheti cha sekondari kinachokubalika katika jimbo unakokwenda, mkataba wa mafunzo na mwajiri, na Kijerumani cha B1, mara nyingi B2. Hawakuulizi una miaka mingapi ya uzoefu wa uuguzi, kwa sababu hukuja kama muuguzi.

Tazama tofauti. Anayekwenda kama fundi hupimwa kwa jana yake. Mwanagenzi anapimwa zaidi kwa sababu yake ya kutaka kujifunza. Mtu anayebadili kazi akiwa hana kazi huanguka pale anapojaribu kuwa yote mawili: anaomba kama fundi wa kazi ambayo bado hajaifanya. Achague. Ama aingie kwa kazi yake ya zamani na abadili akishafika, ama aingie kama mwanagenzi wa kazi mpya.

Sipaki rangi. Darasani atakaa na vijana wa miaka 18. Kijerumani cha kaunteni, cha karibu mheshimiwa na chumba chako kiko ghorofa ya pili, hakitoshi kuandika ripoti ya mgonjwa. Wengi wanaozungumza vizuri ufukweni huanguka mtihani wa kuandika wa B2, na inawabidi wakae darasani mwaka mzima au zaidi. Baridi, upweke, zamu za usiku. Hayo anayajua, ameambiwa.

Lakini ataandika barua ya kueleza nia. Na ubalozini huenda akaulizwa, kwa upole au kwa ukali: wewe ulikuwa hotelini, kwa nini uuguzi, na kwa nini sasa? Msikilizaji, sasa rudi kwenye lile pengo alilotaka kulifunika kwa duka la mjomba. Jibu limo humo. Miaka mitatu amemgeuza mama yake kila saa chache asipate vidonda vya mgongo. Anajua uzito wa mtu mzima asiyeweza kujiinua. Anajua kumvua mtu nguo bila kumvunjia heshima. Na kabla ya hapo, miaka tisa, aliwahudumia wazee wa Kijerumani kwa lugha yao. Akiandika kwamba alikuwa meneja wa duka, ameifuta sababu pekee inayoaminika ya ombi lake, akabaki mtu wa mapokezi aliyeamka siku moja akataka kuwa muuguzi.

Si kila pengo lina hadithi kama hiyo, najua. Wapo waliokaa miaka miwili wakitafuta kazi tu, wakibeba bahasha toka Nyali hadi Changamwe. Hao waandike hivyo hivyo: sikuwa na kazi, nilikuwa natafuta. Na aliyeuza mahamri aandike alijiajiri, akauza chakula, tangu mwezi fulani hadi fulani. Aliyebeba abiria kwa bodaboda aandike. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomshushia mtu hadhi, na mimi nawaomba ndugu zangu tuache kuwafanya watoto wetu waone haya kwa uchumi ambao si wao waliouangusha.

Kuhusu mawakala nitasema kidogo tu. Kufungua maelezo yako kwenye Express Entry ni bure. Ada ya serikali, zaidi ya dola 1,500 za Kanada kwa mtu mmoja, inakuja baada ya kualikwa. Anayekutoza pesa ili uingizwe kwenye orodha anakuuzia kisicholipiwa. Kwa wakala wa kazi za nje, kabla ya kutoa shilingi, angalia kama yumo kwenye orodha ya mawakala waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Na yeyote anayekwambia acha hilo nitakujazia mimi, mnyang'anye karatasi yako. Uongo atakaoandika utakuwa na sahihi yako, na atakayefungiwa ni wewe.

Nina ombi. Usiku wa leo, watoto wakishalala, chukua daftari. Andika mwezi huu, kisha uliopita, rudi nyuma mpaka miaka kumi itimie. Mahali ulipokuwa kazini, andika mwajiri na majukumu kama yalivyokuwa. Ulipomuuguza mzazi, andika. Ukifika kwenye mwezi ambao hukuwa na kazi, usiruke. Andika: sikuwa na kazi. Kisha nenda mwezi unaofuata.